Lori Lisilo na Kitabu

Baba yangu alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Uganda. Aliajiriwa mwaka 1965, akafunzwa udereva Jinja, na Kiswahili tunachozungumza nyumbani kwetu Koboko kilikuja na yeye, kama kilivyokuja na wazee wengi wa West Nile waliovaa sare tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokuwa yanakaribia Arua, alitupakia kwenye Bedford yake pamoja na magodoro, mbuzi wawili na bibi yetu aliyekuwa mgonjwa, akatuvusha Oraba hadi Kaya, upande wa Sudan. Nilikuwa na miaka saba. Njia nzima ilijaa watu waliobeba watoto mgongoni, na magari ya raia yalikuwa yamelala kandokando, mengine milango wazi. Lori la baba halikusimama hata mara moja. Tulipofika ng'ambo alilipiga boneti kwa kiganja akasema, "Gari la jeshi halifi."

Neno hilo nililibeba miaka thelathini na saba. Ndilo lililouza shamba langu.

Julai 2016 vita vilirudi Juba. Agosti makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yakafunguliwa wilayani Yumbe, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Sisi wa Koboko tulioishi ukimbizini Sudan tukiwa watoto tuliwaona wakipita mabarazani petu, tukajiona wenyewe. Kila kitu kilihitaji kubebwa: miti ya kujengea, mawe, mahindi, maji ya kunywa. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ilikuwa ingali mpya, lakini ukiiacha Koboko kuelekea Yumbe ulikuwa unaingia udongo mwekundu, na mvua ikinyesha Fuso zilikuwa zinazama hadi kwenye ekseli. Mwenye lori linalovuta kwa magurudumu yote alijitajia bei. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa simsim na mihogo mikavu, nikikodi malori ya watu kupeleka mzigo Kaya, na Ariwara upande wa Kongo. Nilichoka kumtajirisha mwenye lori.

Ndipo rafiki akanitumia kwenye simu tangazo la mnada mjini Kampala. Mwenye mnada simtaji. Kwenye orodha kulikuwa na Bedford ya jeshi, ya aina iliyokuwa ikitumiwa na Waingereza hadi walipoanza kupokea MAN mpya mwaka 2007. Maelezo yake yote yalijaa mstari mmoja: namba ya loti, namba ya chesisi, tani nne, magurudumu yote, injini haijajaribiwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mali inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo, na mnunuzi hana haki ya kurudisha wala kudai. Picha zilikuwa mbili. Zote za upande wa mbele.

Siku ya kuangalia ilikuwa Jumanne. Mimi niliingia Kampala Jumatano usiku, kwa basi, na pesa zimeshonwa kwenye koti. Alhamisi nilipofika uwanjani nililiona kwa mbali, la kijani, lina rangi mpya, limesimama juu ya matairi yake kama lililokuwa linanisubiri. Dalali alirudia masharti: hakuna kuwasha, hakuna kufungua boneti siku ya mnada. Nilichungulia dirishani. Saa ilisoma 41,000. Moyo ukaruka. Lori la umri ule kutembea hivyo tu! Nikawaza kwamba jeshi lilikuwa limelitunza kwa ajili yangu. Nikapandisha hadi shilingi milioni 27, nyundo ikagonga, nikasujudu palepale kwenye vumbi.

Pesa hizo zilikuwa shamba letu la kando ya barabara ya Oraba, na akiba ya mama watoto ya miaka sita ya kuuza samaki wakavu. Alikuwa amenipa bila kuuliza. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba hakuuliza kwa sababu aliniamini, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikiamini kijani.

Kulibeba kutoka Kampala, kupita Karuma, daraja la Pakwach, Nebbi na Arua hadi Koboko, zaidi ya kilomita 500 juu ya lobedi, kulikula milioni nne na nusu. Watoto wa mtaa walikimbia mbele yake kulipokea. Kesho yake tukatia betri mbili, fundi akageuza ufunguo. Injini ilizunguka nusu, ikagonga kitu kizito ndani, ikatulia.

Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili. Nilikuwa nimesimama begani kwake. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, umeganda pembeni kama malai juu ya sufuria. Aliuchota kwa kidole, akausugua kati ya kidole na gumba, akanionyesha. "Mzee, maji yameingia kwenye oili," alisema. "Na hayakuingia jana."

Tulivyozidi kufungua ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Silinda hedi ilikuwa na ufa. Maji yalikaa juu ya pistoni mbili hadi zikaanza kushikana na kuta kwa kutu. Pampu ya dizeli ilikuwa ganda. Ndani mtu alikuwa ametoa vitu vyake vyote na kufunga tena boliti kwa utaratibu. Chini ya tangi la dizeli kulikuwa na tope la kahawia. Silinda za breki zote zimeganda. Difu ya mbele, ile iliyonifanya niuze shamba, haikuwa na shafti. Zilezile 41,000 nilizozifurahia zilikuwa ushahidi dhidi ya lori: lilikuwa limekaa. Mpira wa sili hukauka na kupasuka gari likisimama miaka. Breki hushika kutu zisipokanyagwa. Dizeli hulala na maji chini yake. Gari linalotembea kila siku huchakaa mahali unapopaona, lakini lililosimama huoza kwa ndani, na saa yake hulisifia tu.

Ilituchukua miezi saba na milioni 19 nyingine. Vipuri vilikuwa safari yenyewe, maana kiwanda cha Dunstable kilichokuwa kikitengeneza Bedford kiliuzwa mwaka 1987, na kilichobaki huku kwetu hutoka kwenye mizoga ya malori mengine. Tulipata shafti Ariwara, kwa Wakongo, ambako Bedford za zamani zilikuwa bado zinafanya kazi. Hatimaye likawaka. Lilifanya safari tatu za Bidibidi na miti, nikaanza kulipa madeni.

Safari ya nne chesisi ilikatika, tumeipita Yumbe kidogo. Lori lilijikunja katikati, mzigo ukasogea, ukamwangukia utingo wangu aliyekuwa amekaa juu yake. Alivunjika mguu mara mbili. Kijana wa miaka kumi na tisa. Nilishuka nikamkuta ameuma mkono wa shati asilie mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji hapo karibu. Tulipokwisha kumfikisha hospitali nilirudi kwenye lori, nikainama chini na tochi. Mpasuko ulifuata mstari wa kuchomelea wa zamani, mrefu kama mkono wangu. Mtu alikuwa ameuchomelea vibaya, akaulainisha kwa msasa, akaupaka kijani. Kijani kilekile.

Lori lilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, likapimwa kwa kilo. Kijana alipona, lakini anachechemea. Bado tuko pamoja; yeye ndiye anayeshika daftari la kazi zangu sasa.

Usiku mmoja mwaka 2018 nilikuwa nimekaa na mama yangu kibarazani. Baba alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi. Nikamwambia mama kwamba baba alikosea, kwamba gari la jeshi hufa kama gari lolote. Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Baba yako alikuwa hanywi chai kabla hajaangalia oili. Kila siku ya Mungu. Halafu anaandika."

Nikakumbuka. Kitabu chembamba chenye jalada la kaki, kilichokaa chini ya kiti cha dereva, kimefungwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu. Kila asubuhi baba aliandika kilomita, oili, maji, upepo wa matairi, na kila wiki ofisa alitia saini. Gasketi iliyobadilishwa iliandikwa tarehe. Jani la springi lililovunjika liliandikwa. Hata siku tuliyokimbia nilimwona anainama kukifunga tena chini ya kiti, huku mama akimpigia kelele apande. Lori lililotuvusha Oraba halikutuvusha kwa kuwa lilikuwa la jeshi. Lilitutoa kwa sababu kwa miaka mingi mtu mmoja alilichungulia kabla ya chai, na mwingine akahakikisha amelichungulia. Mimi nilikuwa nimerithi sentensi, nikakiacha kitabu.

Na mnadani, kitabu ndicho kitu cha kwanza kupotea. Ofisi inayouza imekwisha kuwa na magari mapya, dereva amehamishwa, kabati limesafishwa. Unachouziwa ni mwili wa gari bila historia yake. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuiandika upya kwa mikono yake mwenyewe, siku ile moja anayoruhusiwa kugusa.

Aliyenifundisha kuiandika ni fundi mmoja mzee wa Oli, mtaa wa Wanubi mjini Arua. Ujana wake aliutumia akiwa mmoja wa vijana wa OPEC, wale waliouza mafuta ya kutoka Kongo kwa jerikeni pembeni mwa barabara za Arua miaka ile ambayo wana wa askari wa zamani hawakuwa na kazi nyingine. Nilimwendea nikamsalimu, asalaam alaikum mzee, nikamweleza yote yaliyonipata. Hakunicheka. Alichukua fuko la turubai, akanipeleka kwenye ua wenye lori bovu, tukakaa nalo kutwa nzima.

Alianza na chesisi, akiwa amelala chali juu ya boksi la karatasi, na brashi ya waya mkononi. Alisugua kila mahali rangi ilipokuwa nzuri mno. "Rangi mbaya haina kosa, mwanangu," alisema. "Muulize yule aliyepaka jana." Kisha akagonga chuma kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua kuelekea nyuma, sikio limegeuzwa. Chuma kizima kilijibu kwa mlio mrefu. Alipofika kwenye mabano ya springi za nyuma mlio ukafa, ukawa kama kugonga ubao uliolowa. Akasugua hapo. Mstari wa ufa ukajitokeza polepole chini ya kutu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nililala pale chini nikautazama, nikamwona kijana wangu ameuma shati.

Mengine alinifundisha kwa siku nyingi baadaye. Ukikatazwa kuwasha injini, bado unaweza kuizungusha kwa spana ndefu kwenye puli ya mbele. Injini iliyoshika haitasogea hata ukining'inia. Kifuniko cha oili na cha rejeta hufunguliwa bila ufunguo wa mtu yeyote. Tazama boliti za pampu na za stata: zenye kung'aa kwenye kingo zimefunguliwa karibuni, na jiulize ni nani aliyefungua gari linalosemekana halijaguswa miaka mitano. Nenda na tochi, ingia chini, shika shafti ya mbele utikise, uone kama ipo. Land Rover za jeshi zilizotengenezwa kwa ajili ya redio hutumia umeme wa volti 24, na ukifungia taa na vifaa vya Land Rover ya kawaida vya volti 12 utaviunguza vyote. Matairi yenye meno mazuri yanaweza kuwa yamepasuka kwenye mashavu kwa kukaa juani. Yabonyeze kwa kidole gumba utaona nyufa. Na piga picha za kila kitu siku ya kuangalia, na tarehe, kwa sababu kati ya siku ya kuangalia na siku ya kuchukua, gari hulala peke yake usiku.

Karatasi nazo ni sehemu ya mwili wa gari. Gari lenye namba za H4DF ni la UPDF, jeshi la Uganda, na Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inaweza kumfikisha pabaya raia anayekutwa na kitu cha jeshi bila kibali. Usilitoe uani bila barua ya kuachiliwa yenye namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma, ambayo umeisoma mwenyewe baada ya kusugua, na ubadilishe rangi kabla ya kuingia barabarani. Gari la shirika au la ubalozi mara nyingi liliingia bila ushuru. Ushuru huo haukufutwa, ulisubiri tu, na mamlaka ya mapato itakudai wewe kabla hujapata namba mpya. Tangu mwaka 2018 magari ya umri wa miaka 15 au zaidi hayaruhusiwi kuingizwa nchini, ukitoa aina chache, kwa hiyo watu wengi zaidi wanakimbilia minada ya ndani, na bei zimepanda kwa vitu vilevile. Mimi sasa naandika bei yangu ya mwisho kwenye kiganja kabla ya kuingia, nikiwa nimekwisha kutoa humo gharama ya kila nilichokiona na kila nilichozuiwa kukiona. Kilichozuiwa nakihesabu kuwa kimekufa.

Mwaka 2019 shirika moja liliuza Land Cruiser zake Arua. Kulikuwa na tatu. Mbili zimeoshwa hadi zinang'aa, watu wamezizunguka. Ya tatu ilikuwa na bonde mlangoni, kioo kimoja kimepasuka, na saa yake ilisoma 286,000. Nilifungua mlango nikaingiza mkono chini ya kiti, kwa mazoea tu. Vidole vikagusa karatasi. Kilikuwa kitabu cha matengenezo. Kila kilomita 5,000, muhuri na saini, beringi za mbele zimebadilishwa, tarehe, klachi, tarehe, mara moja dereva aliandika kwa mkono wake kwamba breki inavuta kushoto, na ukurasa unaofuata unaonyesha imetengenezwa. Nilikaa ndani ya gari lile nikakisoma chote, jasho linanitoka. Sikumjua dereva yule, lakini nilimjua.

Niliinunua kwa bei ya chini kuliko zile mbili. Hadi leo inakwenda Lobule na Yumbe na hunirudisha. Mlango bado una bonde. Mwaka huohuo niliingia minada mingine minne nikatoka mikono mitupu kote, na mama watoto, ambaye sasa huuliza, alinipikia kuku siku niliyorudi na pesa zote.

Wauzaji nao nina neno nao. Sheria ya mwaka 2003 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma imewapa utaratibu wa kuuza. Kabla ya gari la serikali kwenda mnadani, wahandisi wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi huliangalia ili kulikadiria thamani. Maana yake kuna mtu aliyekwisha kuona ufa, aliyekwisha kuona pampu, na ameandika. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kioo cha mbele siku ya kuangalia. Ruhusuni kuwasha gari linaloweza kuwaka, na liandikeni wazi lile lisiloweza. Mashirika mnaofunga kazi zenu huku West Nile, na nyinyi maofisa wa jeshi mnaosaini vitabu hivyo kila wiki, nawaomba kama mtoto wa dereva wenu: msikitoe kitabu chini ya kiti. Kiuzeni pamoja na gari.

Na wewe unayekwenda mnada wa wiki ijayo na pesa za watu wako zimeshonwa kwenye koti lako, fika siku ya kuangalia. Nenda na brashi ya waya. Kama huna, pita kwangu Koboko, nitakuazima.